Siku Niliyokimbia Msamaha na Viatu vya Mchungaji

Jumanne, tarehe 11 Februari. Theluji imeacha kuanguka tangu jana mchana, lakini baridi imebaki palepale, na upepo unapita katikati ya maghorofa yetu hapa Scarborough kama vile umetumwa kumtafuta mtu.

Niseme mapema kabla ujasiri haujaniisha. Mimi ndiye yule mama wa kwenye video. Yule anayezunguka meza ya keki huku mwanamke mwenye kitenge cha njano anamfuata amefungua mikono, halafu anapotelea mlango wa jikoni watu wakiwa midomo wazi. Kama hujaiona, Mungu amekuhurumia, usiitafute. Nimeaibika mara nyingi maishani (niliwahi kusimamia harusi nzima sketi yangu ikiwa nje ndani), lakini aibu ya Jumamosi iliyopita imezipita zote, na ubaya wake ni kwamba nikianza kutafuta nani wa kumlaumu najikuta narudi kwangu mwenyewe kila mara.

Mwalimu wa kozi ya kudhibiti hasira alituambia kila mtu awe na daftari, aandike kama anawasimulia marafiki anaowaamini. Basi nyie ndio marafiki. Niliishia darasa la saba, Morogoro, kwa hiyo mkikuta mkato mahali pasipotakiwa mkato, mpite tu.

Ili muelewe ya Jumamosi lazima nianze na mwiko.

Mwaka juzi mwezi wa tisa tulikuwa tunapika chakula cha harusi kwenye jiko la ukumbi tunaosalia, mimi nikiwa nimekabidhiwa pilau. Mama Neema alikuwa kwenye kachumbari. Sasa pilau yangu ilikuwa imefikia mahali pake, nimeifunika na karatasi ya foili, mfuniko juu, moto mdogo, na kila mpishi anajua hapo hakuna kufunua mpaka mvuke umalize kazi yake. Mama Neema akafunua. Nikamwambia, "Dada, acha imalize." Akafunua tena, anaonja, anasema chumvi kidogo. Nikamwambia, "Mama Neema, nimekuomba." Mara ya tatu akafunua huku ananitazama usoni na kusema, "Kwani pilau yenu ya Morogoro inaona aibu kuangaliwa?" na wenzetu wakacheka, na mimi nilikuwa nimeshika ule mwiko mkubwa wa mbao wa kupikia watu mia.

Nilimpiga mkononi. Mara moja. Nataka niwe mkweli hapa kwa sababu wako watu wanaonitetea kwamba nilimgusa tu. Sikumgusa. Nilimpiga, na mfupa wa kifundo cha mkono ukapata ufa, akafungwa plasta wiki sita, na yeye kazi yake ni ya kushona. Alinichokoza, ni kweli, lakini mkono uliopiga ni wangu na mwiko ulikuwa wangu.

Hospitali waliuliza ameumiaje, akasema, polisi wakaja, na baada ya miezi kadhaa nikasimama mbele ya hakimu nikakiri. Sikufungwa. Niliwekwa kwenye probesheni mwaka mmoja, yaani unaishi kwako, unalala kitandani kwako, lakini una karatasi yenye masharti, na ukilivunja hata moja unarudi kwa hakimu. Masharti yangu ni manne: kuripoti kwa afisa wangu kila baada ya wiki mbili, kumaliza kozi ya hasira, kufanya saa arobaini za kazi ya jamii bila malipo (mimi napanga makopo kwenye ghala la chakula cha wahitaji), na la nne, ambalo ndilo lililoniua Jumamosi, nisiwasiliane na Mama Neema kwa namna yoyote, si mimi mwenyewe wala kwa kupitia mtu. Nikimwona mahali, naondoka.

Nikifika mwisho salama, hakimu alisema, sitahesabiwa kuwa nimetiwa hatiani. Hilo kwangu ni kila kitu. Nafanya kazi nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, na kila mwaka lazima nipeleke cheti cha polisi. Meneja nilimweleza yote mwenyewe, akasema ataniacha niendelee ila likitokea jingine hatakuwa na la kufanya. Bibi mmoja wa miaka tisini na mbili pale hali kijiko cha mtu mwingine ila changu. Siku nikiondolewa, nani atamlisha? Hiyo nd'o hofu ninayoamka nayo.

Basi. Uamuzi mdogo ulioniharibia ulikuwa wa neno moja.

Baada ya hukumu, Mama Bahati, mwenyekiti wetu wa akina mama, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mwenye moyo mkubwa kuliko ukumbi wenyewe, aliniuliza, "Na ile mambo ya korti, ilifika wapi?" Na mimi, kwa kuona aibu kusema kwamba mtu mzima mwenye miaka arobaini na tisa naenda kuripoti kama mwanafunzi mtoro, nikamjibu, "Yameisha."

Yameisha! Hukumu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Lakini nilisema hivyo, naye akawaambia wengine, na kwa kuwa Mama Neema alikuwa amehamia Brampton na anasali hukohuko, nikaona neno langu halitamdhuru mtu.

Sasa fikirini mlivyo nyie watu wa kwetu. Watu wawili wamepigana, korti imeisha, lakini hawajapeana mikono. Nani atavumilia hilo? Kwetu kesi ikiisha kwa hakimu ndiyo inaanza kwa wazee, mpaka wagombanao wakae kitako, waombane radhi, wale chakula kimoja. Mama Bahati alikaa na jambo hilo rohoni miezi minane, kumbe anapanga.

Alhamisi akanipigia simu. Jumamosi kuna ibada ya shukrani, anataka nikawasaidie jikoni.

"Bon, kuya tu, dada. Haiko kazi ya nguvu. Utakata vitunguu."

Nikamuuliza, "Mama Neema atakuwepo?" (Naomba hili liandikwe upande wangu. Niliuliza.)

Akakohoa. Halafu akasema, "Eh! Yeye na theluji hii, atoke Brampton? Hayuko."

Sikumuuliza tena. Ningeweza kumwambia ukweli palepale, kwamba siruhusiwi hata kusimama naye chumba kimoja, na yeye asingethubutu kunidanganya. Yeye alidanganya kwa kutaka kheri, mimi nilidanganya kwa kutaka heshima. Sasa pimeni wenyewe wa kwanza kulaumiwa ni nani.

Jumamosi theluji ilikuwa inaanguka ya kufunika magari. Nilipanda mabasi mawili, nikafika ukumbini (uko kwenye ile plaza kati ya duka la kucha na mahali wanapouza roti), nikavua viatu vyangu vya theluji mlangoni kama wote, maana kapeti ni jipya na mchungaji alishatangaza. Pale mlangoni palikuwa na kilima cha mabuti, mengi meusi, yote yanalia maji ya chumvi.

Jikoni nikapokelewa kwa makofi. Mmoja akasema, "Jamani, ficheni miiko, Mama Tumaini amefika!" Mwingine akanipa kisu cha vitunguu kwa kukishika upande wa makali, akasema, "Leo tunakuamini, usituangushe." Nikacheka nao. Nilijua nastahili. Na tena nilikuwa na furaha ya kweli, nilikuwa sijakaa na wenzangu jikoni tangu siku ile, harufu ya iliki, mama mmoja anaimba sauti ya pili peke yake. Niliweka kisu chini mara mbili kujifuta macho nikasingizia vitunguu.

Hakuna aliyeniruhusu kukaribia sufuria ya pilau, na hilo nililiona ni haki.

Ibada ikaenda vizuri. Mwishoni Mchungaji Yona akachukua maiki. Mchungaji wetu ni mtu mrefu mno, anainama kupita milango, na ana sauti ambayo hata maiki haihitaji, lakini anaipenda.

"Tuna jambo la furaha," akasema. "Naomba Mama Tumaini aje mbele."

Na hapa, marafiki, ndipo ninapojicheka mwenyewe mpaka leo. Mimi nilidhani wananishukuru! Nilidhani labda kwa vile nimekata vitunguu kilo kumi bila kulalamika, au Mama Bahati kaambiwa ninavyopanga makopo kwa wahitaji. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaweka kilemba sawa, nikaenda mbele natabasamu kama bibi harusi. Mbele palikuwa na meza, na juu yake keki imeandikwa UPENDO kwa krimu nyekundu. Nikasema moyoni, loo, mpaka keki.

Mlango wa chumba cha watoto ukafunguliwa, akatoka Mama Neema.

Kitenge cha njano, kilemba cha njano, amependeza, na mikono yote miwili mbele, na mimi macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye ule wa kulia. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Simu zikainuliwa. Akasema kwa sauti inayotetemeka, "Mama Tumaini, dada yangu, mimi nimekusamehe."

Nataka mjue kwamba hayo ni maneno niliyokuwa nayaota. Miezi minane naota naambiwa hivyo. Na sasa yanasemwa, na mimi karatasi ya hakimu inaniambia nisijibu.

Nikafunga mdomo. Nilibana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikatikisa kichwa. Watu wakadhani nimezidiwa na hisia, vigelegele vikaongezeka. Mama Neema akapiga hatua mbele, mimi nikapiga hatua nyuma. Akaja kulia, nikaenda kushoto. Meza ikawa katikati yetu. Akaizunguka, nami nikaizunguka, na nilipogundua tumemaliza raundi nzima vigelegele vilikuwa vimeanza kufa kimoja kimoja, mpaka kikabaki cha bibi mmoja wa nyuma asiyesikia vizuri.

"Mshike mwenzio mkono, mama," mchungaji akasema.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Siruhusiwi." Nilisahau maiki. Ukumbi mzima ukasikia.

"Huruhusiwi na nani?" akauliza, na kwenye maiki pia. "Na Baba Tumaini?"

Watu wakacheka. Maskini mume wangu, saa hiyo yuko kiwandani anapanga mikate, hajui kama anasingiziwa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Na hakimu." Maneno mawili. Yalikuwa kwenye ulimi. Lakini nilimwona Mama Bahati kiti cha mbele, amefumbata mikono kifuani, uso umejaa furaha yake ya miezi minane, na pembeni yake wote wale niliowaambia yameisha, na ulimi ukagoma.

"Anamkataa," mtu akasema nyuma. "Jamani, anamkataa!"

Na uso wa Mama Neema ukashuka. Huo ndio ninaouona nikifumba macho. Mikono yake ikabaki imefunguka haina pa kwenda.

Mwalimu wa kozi alitufundisha kwamba ukiona mambo yanapanda, hesabu mpaka kumi kisha ondoka chumbani. Nilihesabu mpaka tatu. Nikageuka, nikapita jikoni, nikatokea korido ya nyuma, nikalizunguka jengo kwa ndani mpaka kwenye makoti, nikanyakua koti langu, nikaingiza miguu kwenye mabuti meusi ya kwanza, nikatoka mbio. (Mwalimu hakusema uondoke na mabuti ya watu, hilo niliongeza mwenyewe.)

Niligundua nikiwa nusu ya maegesho. Buti zilikuwa kubwa kama ndoo. Mguu unaenda, buti linabaki, mguu unarudi kulifuata. Nikitazama nyuma, watu wamejazana kwenye dirisha la ukumbi, na wateja wa roti wamejazana kwenye dirisha lao. Basi likawa linaingia kituoni nikalikimbilia huku nimezishika buti kwa mikono yote miwili, nimeinama, kama mtu anayekimbia kwenye gunia. Dereva alinisubiri. Mama mmoja aliponiona ninavyotembea ndani ya basi alisimama akanipisha kiti, na macho yake yakaniambia anadhani nina ugonjwa wa miguu. Nikakaa. Sikumwambia siumwi.

Ndani ya buti la kushoto kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa kuziba mahali palipochanika. Nikakifungua. Mahubiri. Nikajua nimevaa viatu vya nani.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa naona ndipo nilipofanya jambo moja sawasawa siku nzima. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kunyamaza. Nani atamwambia afisa wangu? Mama Neema mwenyewe ndiye aliyekuja. Ya pili, kusema. Simu ilikuwa inalia mfululizo mfukoni, Mama Bahati, Mama Bahati, Mama Bahati, na sikuipokea maana sikujua nani amesimama karibu yake, pengine simu ingehamia mkono mwingine. Nikasubiri ikatulia, nikampigia Bi Lobo, ndiye huyo afisa wangu, ofisi ikiwa imefungwa, nikaacha ujumbe kwenye mashine. Nilisema kila kitu. Nilianza kwa Kiingereza, kikaniishia karibu na keki, nikamalizia kwa Kiswahili.

Nyumbani, Tumaini, binti yangu wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa na simu. Yeye unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Aliinua simu akanionyesha. Video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la kanisa, na mtu ameiwekea muziki.

"Mama," akaniambia kwa Kiingereza chake, "umekimbia kama umeiba."

"Nimeiba," nikamwambia. Nikamwonyesha buti.

Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniangalia vizuri, akaacha kucheka, akaja akanivua zile buti moja moja. Tumaini anajua masharti yangu. Ndiye aliyenisomea ile karatasi siku ya kwanza, kila mstari, mara mbili.

Jumapili sikwenda kanisani. Tumaini alinionyesha ibada kwenye simu, mchungaji yuko madhabahuni anahubiri na soksi za sufu ndani ya kandambili za jikoni. Hakunisema hata neno. Ningependa angenisema.

Baba Tumaini aliponisikiliza yote aliuliza, "Na mimi nimeingiaje humo?" Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo Scarborough nzima inajua mimi ndiye ninayekukataza kusamehewa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mwambie Bi Lobo anipunguzie na mimi masharti." Ni mtu wa hivyo. Lakini usingizi hakupata, nilimsikia anageuka.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuripoti. Bi Lobo ni Mgoa, wazazi wake walitokea Mombasa, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake, kidogo na kizee, anakitumia kama mtu anayetoa vikombe vya wageni. Si mtu wa kuchezewa. Mwanzoni alinitisha sana, lakini nimpe haki yake, hajawahi kunidharau hata siku moja.

"Kaa," akasema. Nikakaa. Faili langu lilikuwa mezani.

"Ujumbe wako nimeusikiliza jana. Una dakika sita." Akaendelea kwa Kiingereza taratibu, na mimi nawaandikia nilivyoelewa. "Nilielewa nusu. Nyingine nimempigia mama yangu akanisaidia neno moja moja, bila jina lako. Anataka kujua hiyo pilau iliishaje."

Nikataka kucheka, nikaona uso wake haucheki.

Akaniuliza. Ulijua atakuwepo? Hapana. Uliuliza? Niliuliza. Ulimjibu? Hapana. Ulimgusa? Hapana. Uliondoka baada ya muda gani? Nikasema sijui, raundi moja ya meza na kitu. Akaandika hilo pia, sijui aliandikaje. Kisha akaweka kalamu chini.

"Yeye anaweza kukusamehe," akasema. "Hakuna karatasi inayomkataza. Amri ni yako wewe, si yake. Alidhani kwa kuwa ndiye aliyeumizwa, ndiye mwenye ruhusa. Wengi wanadhani hivyo."

"Utanirudisha kwa hakimu?"

Alinitazama mpaka nikamwona akilini yule bibi wangu wa miaka tisini na mbili amebana midomo mbele ya kijiko cha mtu mwingine.

"Sitakurudisha. Uliondoka, na ulinipigia kabla sijasikia kwa mtu mwingine. Nimeandika hivyo. Lakini nimeandika na hili: hukuwaambia watu masharti yako. Watu wako wanakupenda, na watu wanaokupenda wasiojua masharti yako ni hatari kuliko adui. Safari nyingine sitaandika vizuri."

Nikamwambia hakutakuwa na safari nyingine. Akasema kila mtu aliyekaa kwenye kiti kile anasema hivyo. Nikamwambia labda, lakini mimi nimebakiza saa saba tu za makopo na miezi minne ya karatasi, na nitaifikia mwisho hata kama ni kwa kutambaa. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo. Akanieleza kwamba ipo njia ya kumwomba hakimu abadilishe lile sharti, turuhusiwe kuonana kama mwenzangu anakubali, ila yeye ataulizwa na watu wa mahakama, si na mimi, wala na mtu wangu yeyote. Nikasema aanze leo. Tukajaza fomu palepale. Nikakosea mstari wa kwanza, nikaomba fomu nyingine, nikaandika upya.

Saa kumi na moja na nusu jioni hii mlango ukagongwa. Mchungaji Yona. Ameinama kwenye fremu ya mlango, mabuti yangu madogo mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika sufuria imefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mama. Nimeleta vyako, nimefuata vyangu. Miguu imeisha."

Nikamkaribisha ndani, na kabla hajakaa nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapunguza. Kwamba hayajaisha. Kwamba niliwadanganya. Kwamba niko kwenye probesheni mpaka mwezi wa sita, kwamba siruhusiwi kumjibu wala kumpa mkono Mama Neema, na kwamba Jumapili hii nitasimama mbele ya watu wote, maiki ikiwa imewashwa, niseme hivyohivyo kwa mdomo wangu, na nimwombe radhi Mama Bahati. Baba Tumaini alikuwa amekaa kwenye kochi anatazama sakafu. Tumaini amesimama mlangoni mwa chumba chake.

Mchungaji alitikisa kichwa. "Eh, mama. Kwa hiyo sisi ndio tulitaka kukufunga?"

"Mlitaka kunipatanisha," nikamwambia. "Mimi ndiye sikuwaambia."

Kisha akakumbuka sufuria iliyo mikononi mwake, na nikaona anavyoitazama kama mtu aliyegundua amebeba nyoka.

"Hii," akasema, "imetoka kwa..."

"Usilitaje jina, mchungaji."

Harufu ilikuwa imeshanijibu. Pilau. Moto bado, ya nyama, mdalasini umekaa mahali pake. Amepika kwa mkono ule. Ametoka Brampton, au amemtuma mtu na theluji hii, baada ya mimi kumwacha na mikono wazi mbele ya watu sabini. Tumaini alikuwa hajala tangu shule, nilisikia tumbo lake kutoka nilipokuwa.

Nikaipokea, nikaifunga vizuri kwa kile kitambaa, nikamrudishia mchungaji. "Irudishe. Tafadhali. Mwambie..."

Nikanyamaza. Kwa sababu hilo nalo ni kuwasiliana, kwa kupitia mtu. Siruhusiwi hata kusema asante. Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni na nikayameza yote, moja moja, mpaka la mwisho.

"Usimwambie kitu," nikasema. "Irudishe tu."

Mchungaji alinitazama, na nadhani alielewa, maana macho yake yalilowa. Akavaa buti zake, akakuta kikaratasi chake nimekirudisha mahali pake, akaondoka na sufuria.

"Sasa tutakula nini?" Tumaini akauliza. Kwa Kiswahili, mjue. Njaa ilimrudisha.

Mimi nilikuwa sijapika pilau tangu siku ile ya mwiko. Ninaapa hapa mbele yenu kwamba sitasema tena jambo limeisha wakati halijaisha, si kwa hakimu, si kwa rafiki, si hata kwa daktari wa meno, kwa sababu neno lile dogo lilinigharimu heshima niliyotaka kuitunza nalo na nyingine ya ziada juu yake. Nikaosha mchele. Nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vya kahawia, nikatia viungo, nikatia nyama, maji, mchele, nikafunika na foili, mfuniko juu, moto mdogo.

Baba Tumaini akaingia jikoni, akafunua.

Sijui kama alisahau au alitaka kuona nitafanyaje. Mvuke wote ukampanda usoni. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikauweka juu ya friji. Akaonja, akasema chumvi kidogo, akafunika. Baada ya muda akaja Tumaini, naye akafunua. Nikasubiri niione inavyoharibika.

Tulikula pilau na kachumbari, na ndizi moja tuliyogawana watatu. Iliiva vizuri tu.